Kidole Udongoni

Niliununua Makupa, kando ya barabara,
kwa kijana aliyepanga vyungu juu ya matairi.
Elfu moja na mia nane. Akautaja jina
refu, la Kizungu, lenye zedi mbili,
akaapa umekuja kwa ndege.
Nikaupakata ndani ya tuktuk hadi Ganjoni
kama mtoto anayetolewa nje siku ya arubaini.

Majani yang'aa utadhani yamepakwa mafuta ya nazi,
mawili mawili, hadi kwenye ncha ya bua.
Nikauweka penye dirisha la sebule
linalotazama ukuta wa jirani, mabomba yake,
na mwanga wa kuazima, saa nne kwa siku.

Mfereji wetu hukohoa Jumanne. Hukohoa tu.
Maji ni ya mkokoteni,
shilingi hamsini mtungi, hadi ghorofa ya tatu.
Na kila asubuhi, kabla sijakoroga chai,
mmea nimeupa kikombe,
na jioni kikombe,
maana kaskazi ilikuwa imekaza na mimi nilidhani
kila kinachonyamaza kina kiu.
Kunywa, nikiuambia. Usione haya, hapa si ugenini.

Wiki ya sita ukaingia manjano,
chini kwanza, kisha ikapanda.

Nikaongeza maji.

Mwachuo, mwuza maji, mtu wa Kwale,
aliitua mitungi mlangoni, akauona,
akacheka hadi akashika ukuta.
"Mama Zamzam, hili dude umelinunua?
Kwetu liko nyuma ya choo, penye mawe matupu,
mbuzi hulinusa akapita.
Na wewe walinywesha maji yangu?"
Akazamisha kidole udongoni, akakinusa,
akanipa nami ninuse:
harufu ya kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa.
Kwenu mwaliitaje? nikamuuliza.
Akafikiri kidogo.
"Hatuliiti. Lipo tu."

Usiku nikatandaza gazeti sakafuni, nikaupindua.
Chini mlikuwa na viazi, vinene, vimekumbatiana,
viwili vimeshakuwa uji.
Nikavikata kwa kisu cha vitunguu,
kidonda nikakipaka jivu la jiko.
Kumbe ulikuwa na mtungi wako,
umeujaza mwenyewe, chini kwa chini,
na mimi namimina mtungi juu ya mtungi.

Jani moja lililodondoka sikulitupa.
Nililichomeka kwenye kikombe kilichovunjika mkono,
mchanga na makumbi yaliyochambuliwa,
nikalipandisha juu ya friji.
Mwezi. Miezi miwili. Minne.
Halikufa, halikuota. Lilikaa,
kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo hapo.

Zamzam yuko Voi, kazi yake ya kwanza,
chumba chake cha kwanza, ufunguo wake.
"Mama, umenipigia mara nne
na adhuhuri hata haijaadhiniwa.
Nimekula. Nimelala. Neti ninayo."
Nikasema, nilitaka tu kukwambia kuhusu jani.
Jani gani? Basi, nikasema. Jani tu.

Mwezi wa saba nilishindwa.
Nikalinyanyua kwa kijiko, polepole:
penye kikonyo palikuwa na punje
kama choroko, na uzi mweupe mmoja.
Nikalirudisha mbio, uso umenipanda moto,
kama niliyefungua mlango wa bafu na mtu yumo.

Leo Mwachuo amepandisha mitungi minne badala ya mitano.
Amehesabu pesa, ametazama dirishani, hakusema kitu.
Alipoondoka nimezamisha kidole, hadi fundo la pili.
Pana ubichi bado.
Nikayafuta majani vumbi kwa kipande cha kanga kuukuu,
moja moja, na nyuma pia.

Simu iko mezani, imelala kifudifudi.
Chai nimeikoroga.
Kikombe chote nimekunywa mimi.